Soko Limefunguka, Ndimi Zetu Je?

Tarehe 11 Julai, 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wananchi wengi walishangilia, na ilistahili. Jirani mwenye shaba, kobalti na mamilioni ya wanunuzi ameingia katika soko letu. Lakini mlango uliofunguliwa hupitwa na wote, na afaidikaye ni yule aliyejiandaa.

Wako wenzetu wasemao kwamba hatuna haja ya kujifunza lugha nyingine, kwani Kiswahili husemwa Lubumbashi, Bukavu na Goma. Wasemayo ni kweli, ila si kweli yote. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, lakini Katiba yao ya mwaka 2006 yasema kwamba lugha rasmi ni Kifaransa. Dereva wetu ataelewana na mama muuza chakula kule bila taabu. Hati za forodha, mkataba na hukumu ya mahakama vitamjia kwa Kifaransa.

Wala tusidhani kwamba shaba ya Katanga haina njia ila bandari ya Dar es Salaam. Yaweza kwenda Durban kwa malori, na yaweza kwenda Lobito kwa reli. Mwenye mzigo hatazami ujirani. Hutazama gharama, siku, na karani awezaye kusoma hati zake pasipo kukosea.

Yafaa tuwatazame Wanyarwanda. Kwa miaka mingi walisomeshwa kwa Kifaransa. Waliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Mwaka uliofuata serikali yao iliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka 2017 Bunge lao likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Kinyarwanda chao hawakukitupa.

Sisi twaona kazi ni mbili. Kwanza, makarani wa bandari, mawakala wa forodha na madereva wafundishwe Kifaransa cha kazi, na waajiri wachangie gharama. Vyama vya wafanyakazi vilidai somo hilo kama vinavyodai nyongeza ya mshahara, maana elimu hiyo nayo ni mkate. Pili, serikali ishikilie kwamba fomu za biashara za Jumuiya zichapwe kwa Kiswahili pia. Mwaka 2021 Wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Azimio lisilofika katika meza ya karani halimsaidii mfanyakazi.

Tukizembea, bandari itakuwa yetu, lakini kazi za kalamu zitashikwa na wengine, na vijana wetu watabaki kubeba magunia. Hatukujitawala ili tuwe wapagazi nyumbani kwetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.