Nani Yuko Kituoni?

Kama umewahi kupanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto, unaijua ile barabara. Kona baada ya kona kwa zaidi ya kilomita 30, upande huu mwamba, upande ule bonde, unapita Soni na maporomoko yake huku umeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Ukifika juu raha tupu: hewa safi, kabichi, karoti na viazi kila kona. Kitu kimoja tu ni adimu, uwanja. Usambara ni miteremko, na penye tambarare pameshawahiwa na nyumba, shule au bustani ya mboga. Mtoto akikosea kupiga mpira, anaufuata bondeni.

Ndiyo maana mwezi huu nazungumzia karata. Najua, wengine mkisikia karata mnawaza kamari na vijiwe vya wasio na kazi. Tulieni kidogo. Hizi ni karata za kumfundisha mtoto kufikiri, na zimetusaidia sisi wazazi kwenye jambo ambalo vikao viwili vya ukoo vilishindwa kulimaliza.

Iko hivi. Baba watoto alihamishiwa Lushoto kikazi, huu ni mwaka wa pili. Mimi na watoto tuko Dar. Si unajua tena ndoa zetu za siku hizi: simu kila usiku, kuonana mwisho wa mwezi, na gunia la viazi. Likizo ya Juni wote tunapanda mlimani. Sasa Juni ya Lushoto si mchezo, ukungu unaingia mpaka sebuleni, na watoto wa Dar wanashinda ndani wamejifunika mablanketi kama wagonjwa. Safari hii binti yetu wa miaka 10 alikuja na wimbo mmoja mdomoni: besiboli.

Msishangae, mchezo huu upo Bongo. Shinya Tomonari, Mjapani aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Ghana, ni mmoja wa walioupanda mashuleni kwetu miaka ya 2010, na mwaka 2018 uwanja maalumu wa besiboli ulikamilika pale Sekondari ya Azania, Dar es Salaam. Mashindano ya shule yakapewa jina la Koshien, ule uwanja wa Japani uliofunguliwa 1924, ambako wanafunzi wa sekondari hushindana nchi nzima ikitazama. Majirani zetu Uganda ndiyo wametutangulia. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikaenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na ikawafunga watoto wa jimbo la Oregon 3-2.

Kwa asiyeujua, ni timu mbili za watu 9. Mmoja anarusha mpira, wa upande wa pili anaupiga kwa rungu na kukimbilia kituo. Vituo ni vinne, kama pembe za mraba, na kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27 na ushee. Ukivizunguka vyote umepata pointi. Wakitolewa watu 3, zamu yenu imekwisha.

Binti akauliza tutachezea wapi. Baba yake akachungulia dirishani, akasema, “Mwanangu, hapa ukikimbilia kituo cha pili tutakuokota Mombo.”

Basi tukatoa karata. Wazo lenyewe si geni. Mmarekani Hal Richman alianza kubuni besiboli ya mezani akiwa na miaka 11, na mwaka 1961 akaanza kuiuza kwa jina la Strat-O-Matic, ya karata na dadu. Kama mtoto wa miaka 11 aliweza, sisi watatu tungeshindwaje? Mdogo wao wa miaka 5 tukampa kazi ya kusogeza wakimbiaji, ambao ni punje za maharage kwenye mraba uliochorwa karatasini.

Haya, shika kalamu. Weka pembeni karata zote za picha, zile ambazo wazee wa pwani huziita wazungu. Kopa na uru, kuanzia A mpaka 10, ni za mpigaji. Shupaza na pau ni za mrushaji. A ni 1. Kila mmoja ana fungu la karata 20, anashika 5 mkononi, akitumia moja anaokota nyingine, na fungu likiisha linachanganywa upya. Kila mtu analaza karata moja, zinafunuliwa pamoja. Ya mrushaji ikiwa kubwa au sawa, mpigaji katolewa. Ya mpigaji ikizidi kwa 1 mpaka 3 anapata kituo kimoja, 4 mpaka 6 viwili, 7 au 8 vitatu. Ikizidi kwa 9, yaani 10 dhidi ya A, anazunguka vyote. Wenzake walioko vituoni wanasogea hatua hizohizo. Wakitolewa 3, mnabadilishana mafungu. Zamu tatu tatu zinatosha kabla ya chakula cha usiku.

Kama kila mtu angetupa kwa kubahatisha, katika jozi 100 mrushaji angeshinda 55 na mpigaji 45. Lakini mkononi una tano za kuchagua, na hapo ndipo akili inapoingia. Ukiitupa 10 yako wakati vituo ni vitupu, utaililia baadaye maharage yakijaa.

Tukaongeza maamuzi matatu yaliyomo kwenye besiboli yenyewe. Kwanza kumpisha: mrushaji mwenye karata mbovu anaweza kumpa mpigaji kituo cha kwanza bure, akasubiri apate nzuri. Pili kuiba: mkimbiaji anachomoka kwenda kituo cha mbele, unafunua karata ya juu ya fungu lake uone kama kafika. Hapa mimi na baba watoto tulibishana kweli. Yeye alitaka kuanzia 6 ndiyo apone, yaani nusu kwa nusu. Mimi nikasema kwenye mchezo halisi wizi unalipa pale tu unapofanikiwa kama mara 7 katika 10, kwa hiyo tuanzie 4. Jaji akawa binti. Akachagua 4, akasema, “Baba, ukiweka 6 hakuna atakayeiba.”

Tatu ni kujitoa. Mpigaji anaweka karata yake ndogo kuliko zote wazi mezani. Yeye anatolewa, lakini kila aliyeko kituoni anasogea hatua moja. Wacheza besiboli hufanya hivyo kwa kuugusa mpira taratibu tu, makusudi, ili mwenzao apate nafasi ya kukimbia.

Binti yetu akaipenda hii kupita kiasi. Ni mtoto wa kwanza, mpole, wa kuwapisha wengine, yule anayesifiwa shuleni kwa kugawa chakula chake. Akawa anajitoa hovyo. Vituo vitupu, kajitoa. Watu 2 wameshatolewa, kajitoa wa tatu, na zamu ikafa palepale huku maharage yamekodoa macho vituoni. Baba yake hakumkemea wala kumpa jibu. Kila mara alimuuliza maswali mawili tu: “Nani yuko kituoni? Na tumebakiwa na nafasi ngapi?”

Siku ya nne alikuwa nyuma kwa pointi moja, mkimbiaji yuko kituo cha tatu, aliyetolewa ni mmoja. Akakaa kimya muda mrefu, mpaka mdogo wake akaanza kusinzia. Kisha akaweka 2 ya kopa. Harage likarudi nyumbani, wakawa sare. Baadaye alifungwa, na akalala bila kununa, kitu ambacho kwake si cha kawaida.

Sasa nije kwetu wakubwa. Upande wa mume walishakaa kikao wakasema mke aache kazi amfuate mwenzake mlimani. Upande wangu nao wakakaa wakasema mume aombe kurudi Dar hata kwa cheo cha chini. Pande zote mbili neno lilikuwa moja: jitoe. Na kusema ukweli, sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kununiana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Usiku ule, watoto wamelala, baba watoto akakusanya karata mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Hivi mama watoto, kwetu nani yuko kituoni?” Tukahesabu. Mimi nikiacha kazi leo, mdogo wake aliyebakiza mwaka mmoja chuoni anakwama, maana ada natoa mimi. Binti anahama shule mwaka wa mtihani wa darasa la nne. Yeye akirudi kwa cheo cha chini, mkopo wa kiwanja utatukaba koo. Yaani yeyote kati yetu akijitoa sasa, hakuna anayesogea. Mwakani mdogo mtu atakuwa amemaliza na mtihani umepita, hesabu itakuwa nyingine.

Tukakubaliana. Mwaka huu hahami mtu, ila yeye atashuka Dar wikiendi mbili kwa mwezi badala ya moja, viazi vitasubiri. Mwakani tunakaa tena, na karata ya kwanza kuwekwa mezani itakuwa yangu. Mama mkwe tumemweleza kwa heshima zote. Hajafurahi, ila amepokea. Na wikiendi moja moja bado ni chache, sitakudanganya.

Wanawake tunalelewa kuamini kwamba kujitoa ni kuzuri wakati wote. Wanaume nao wanaambiwa wavumilie tu, wasiseme. Kujitoa ni kuzuri kukiwa na mtu wa kusogea na nafasi ya kumfikisha. Vinginevyo umetolewa tu, na kesho utamdai mwenzio kitu ambacho hakukipata.

Kwa hiyo wikiendi hii nunua pakiti ya karata. Simu ziwekwe chumba kingine. Mwache mtoto atunge sheria moja na muifuate hata kama inakuuma. Usimwachie ashinde kwa huruma, atajua. Akikwama, muulize swali, usimpe jibu. Wakishalala, msizirudishe karata kabatini haraka. Kaeni dakika kumi nyinyi wawili, mhesabu maharage yenu.

Tukutane mwezi ujao.