Kompyuta Moja, Mifumo Miwili

Hapa Sumbawanga baridi ya Ufipa hutuingiza ndani mapema jioni. Mwezi huu tuzungumze juu ya swali ambalo akina mama wamekuwa wakiniuliza baada ya vikao vya wanawake: “Sista, kompyuta yetu ya nyumbani inaandika kwamba muda wake umekwisha. Fundi anasema tununue mpya. Tufanye nini?”

Swali hili si dogo. Bei ya kompyuta mpya ni ada ya mtoto, au ni mbolea ya shamba la mahindi la msimu mzima. Kabla ya kutoa fedha hiyo, fahamu jambo moja: mara nyingi kilichofikia mwisho si kompyuta, bali ni mfumo uliomo ndani yake.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Kompyuta yenyewe ni chombo, yaani kioo, kibodi na diski ya kutunzia vitu. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamka kwanza unapowasha, kisha inazigawia kazi programu nyingine zote. Wengi wetu tunaujua mmoja tu, Windows wa kampuni ya Microsoft.

Windows 10 ulitoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni iliacha kuupatia marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika muda wa nyongeza wa hadi Oktoba 2026. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki. Inaendelea kuwaka na kuandika kama kawaida. Lakini ni kama mtoto ambaye hakumaliza chanjo zake. Anacheza na anakula vizuri, ila ugonjwa ukibisha hodi hana kinga.

Windows 11 nao una masharti: kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 kwenye diski, na kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa, hata zile ambazo bado zina nguvu. Hapo ndipo watu huambiwa, “Nunua mpya.”

KUNA MFUMO MWINGINE

Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kutengeneza kiini cha mfumo ambao leo unaitwa Linux. Aliutoa wazi, na watu wa nchi nyingi wakauendeleza. Una matoleo mengi. Mojawapo ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu “utu.” Jingine ni Linux Mint, ambalo aliyezoea Windows halimsumbui sana. Yote mawili hayalipiwi.

Wala si jambo geni kwetu Tanzania. Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ya LibreOffice, ambayo huja pamoja na Linux, ilitokana na OpenOffice hiyo. Ndani yake utaandika barua, utapiga hesabu za kikundi, na utafungua faili nyingi za Word na Excel.

KWA NINI MIWILI, ISIWE MMOJA?

Kwa sababu huenda kuna kazi isiyofanyika bila Windows. Pengine baba anatumia programu ya hesabu ya dukani ambayo haiingii kwenye Linux, au printa yenu inaelewa Windows peke yake. Hakuna haja ya kugombana. Mifumo miwili inaweza kukaa katika kompyuta moja.

Fikiria kihenge kilichogawanywa katikati: mahindi upande huu, maharage upande ule. Ndivyo diski inavyogawanywa. Ukiwasha kompyuta, inatokea orodha fupi inayokuuliza unataka mfumo upi. Unachagua kwa kibodi, na ule mwingine unabaki umelala. Hufanyi kazi na yote miwili kwa wakati mmoja. Ukitaka kuhama, unazima na kuwasha tena.

Ushauri wangu ni huu: kazi za intaneti, yaani barua pepe, mambo ya benki na masomo ya watoto, zifanyike kwenye Linux unaopata marekebisho. Windows wa zamani ubaki kwa ile kazi moja inayouhitaji, na ikiwezekana bila kuunganishwa na intaneti. Kwa watoto wadogo kuna GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunza herufi na hesabu, na Tux Paint ya kuchora. Zote ni bure.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa haingii chumba cha upasuaji bila maandalizi. Kugawa diski nako ni upasuaji. Ukikosea, picha za harusi, vyeti vya watoto na daftari la vikoba vinaweza kupotea kwa dakika chache. Basi fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, nakili vitu vyote vya familia kwenye diski ya nje au flashi. Usiishie hapo. Ichukue flashi hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, kisha ufungue picha mbili tatu na daftari la hesabu. Nakala ambayo hujaifungua si nakala ya kutegemea.

Pili, onja kabla ya kupakua. Linux huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka hapo hapo, bila kubadilisha chochote ndani ya diski. Angalia kama sauti inasikika, kama intaneti inashika, kama printa inachapa. Kukiwa na kasoro, unachomoa flashi na kompyuta inabaki kama ilivyokuwa. Faili ya Linux Mint ni karibu gigabaiti 3, kwa hiyo ni nafuu kumwomba mwenye intaneti nzuri akunakilie kuliko kumaliza bando lako.

Tatu, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kugawa diski, hasara yake ni kubwa.

Nne, kama Windows umefunga diski kwa ufunguo wa siri, uandike ufunguo huo kwenye karatasi na uutunze. Zima pia ule mpango wa Windows wa kuwaka haraka, kwa maana unauacha mfumo ukiwa nusu usingizini, na Linux unaweza kukataa kuandika kwenye upande wa Windows.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Si lazima ufanye mwenyewe. Ila usimkabidhi mtu kompyuta kama unayepeleka kiatu kushonwa. Kaa karibu naye, umwulize:

“Utaiweka Linux kando ya Windows, au utafuta diski yote?” Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Wakati wa kuweka, mashine huuliza kama mfumo mpya ukae pamoja na ule wa zamani au diski yote ifutwe. Mstari mmoja wa maneno ndio unaotenganisha nyumba yenye vyumba viwili na nyumba iliyobomolewa. Usome kwa macho yako kabla hajabonyeza.

“Utaacha nafasi kiasi gani kila upande?” Linux Mint hutaka angalau gigabaiti 20, lakini ukiweza kuupa 50 au zaidi utapumua. Windows nao usibanwe mpaka ukashindwa kusogea.

“Upi utawekwa kwanza?” Jibu zuri ni Windows kwanza, Linux baadaye. Ukigeuza, Windows huwa na tabia ya kuificha ile orodha ya kuchagua.

BAADA YA KAZI

Usishtuke ukirudi kwenye Windows ukakuta saa nne asubuhi inaonyeshwa kuwa saa moja. Linux hutunza ndani ya mashine saa ya dunia, nayo Windows hudhani ni saa ya hapa. Tanzania tuko mbele kwa saa 3, ndiyo sababu ya tofauti hiyo. Fundi hurekebisha kwa amri moja.

Jambo lingine: kwa kawaida Linux husoma faili za upande wa Windows, lakini Windows hausomi za upande wa Linux bila msaada. Basi vitu vya pamoja, kama picha na daftari la kikundi, viwekwe upande wa Windows ili vionekane kote.

Mwisho, maneno ya siri. Katika nyumba nyingi nenosiri la kompyuta analijua baba peke yake au kijana wa sekondari. Akisafiri, mama mwenye daftari la kikundi hana pa kupita. Kaeni pamoja, baba na mama, mkubaliane. Kila mtu mzima awe na jina lake la kuingilia, watoto wawe na lao, na ufunguo mkuu uandikwe mahali mnapopajua nyote wawili.

Dada yangu, pengine baada ya kupima yote haya mtaona kompyuta yenu kweli imechoka, diski inakwaruza na betri imevimba. Hapo kununua nyingine ni haki, na betri iliyovimba isichajiwe tena. Lakini kama mashine ni nzima, usikubali kuizika ingali inapumua. Fedha hiyo ina kazi nyingine nyumbani.

Tukutane mwezi ujao.