Weusi wa ndani ya sufuria si uchafu

Akina mama, leo nataka tubishane kidogo. Vijijini kwetu Tabora mke hupimwa kwa sufuria lake. Likiwa jeusi, mama mkwe huguna. Kwa hiyo mke husugua kwa mchanga, nje na ndani, mpaka sufuria ling'ae kama kioo.

Kusugua nje nakubali. Masizi ya kuni huchafua nguo na mikono. Kusugua ndani kwa mchanga napinga.

Masufuria mengi ya siku hizi ni ya alumini. Ukichemshia maji mara nyingi, ndani huwa jeusi. Weusi huo ni ngozi nyembamba ya alumini yenyewe. Ngozi hiyo hupunguza madini yanayoingia katika chakula. Ukisugua kwa mchanga, umeichuna. Ukwaju, ndimu na nyanya pia huichuna.

Jambo hili ni la zamani. Neno sufuria limetoka katika neno la Kiarabu la shaba ya njano. Wakati wa misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, sufuria lilikuwa chombo cha shaba. Shaba ikikutana na kitu kichachu hutoa sumu. Ndiyo maana masufuria ya shaba hupakwa bati ndani. Bati likiisha, hupakwa tena.

Sasa tuna hatari nyingine. Mafundi wa mijini huyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza masufuria. Hutumia makopo, vipande vya injini, hata rejeta za magari. Siwalaumu, wanatafuta riziki, na bei yao ni nafuu. Lakini katika vyuma hivyo risasi huweza kuwemo. Mwaka 2017 wataalamu walitoa matokeo ya kupima vyombo vya namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania ikiwemo. Baadhi ya vyombo vilitoa risasi nyingi.

Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Mama mjamzito akiila, humfikia mtoto tumboni. Haina harufu wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiasi chochote cha risasi kilicho salama.

Basi tufanyeje? Sufuria jipya lichemshie maji kwanza, uyamwage. Ndani osha kwa sabuni na kitambaa. Ugali ukigandia, loweka. Usikwangue kwa kisu. Togwa, maziwa ya mgando na mboga yenye nyanya visilale ndani ya sufuria. Viweke katika chungu au kibuyu. Kama sufuria lako ni la vyuma chakavu, usilipikie uji wa mtoto, hasa wenye ukwaju au ndimu. Upike katika chungu. Wengi wetu tumetupa vyungu kwa kuona aibu, nami nilikuwa mmoja wao. Nimenunua kingine.

Mama mkwe akija, mwonyeshe sufuria kwa nje. Akifunua na kuguna, msomee gazeti hili.