NDEGE AKILA, WEWE SUBIRI KWANZA

Msomaji wangu mpenzi, wiki hii navua kofia na kukiri kosa. Baba mzima, ndevu zangu hizi, nimefundishwa adabu na tunda la porini.

Basi bwana, Krismasi iliyopita nilijikamua nikaipeleka familia nyumbani Songea. Mwanangu Junior ana miaka saba, kazaliwa Sinza, na kwake yeye pori ni ule uwanja wenye majani nyuma ya gereji. Tunda analijua likiwa gengeni, limepangwa mafungu.

Kule kwetu Desemba ndipo masuku yanapoanza kudondoka. Wa Pwani wasioyajua niwaambie: ni tunda la mviringo, ganda gumu la rangi ya udongo, ndani nyama laini tamu kama asali. Mama yangu hapandi mti wala harushi fimbo. Anaokota yaliyoanguka yenyewe, maana la kupopoa mara nyingi bado halijaiva. Akamwonyesha mjukuu wake kwamba kuna msuku dume na msuku jike, na ukikaa chini ya dume utangoja mpaka kiama.

Junior alikula mpaka shati likanata. Hapo ndipo nami nikajitia uprofesa. Nikamwambia, "Mwanangu, huku hakuna cha kununua. Ukiona ndege wanakula kitu, na wewe kula tu." Nilisema kwa mbwembwe, mama hakuwepo, na mke wangu akanitazama kwa heshima. Ilikuwa mara ya mwisho wiki ile.

Siku ya tatu watoto walikwenda mtoni. Njiani kuna makaburi yaliyozungushiwa mbono, ule mti wa uzio ambao wengi huuita mbono kaburi. Junior akachuma tunda lililokauka, akapasua, akakuta mbegu nyeusi, na ndani ya mbegu kokwa jeupe. Akaonja. Ladha yake, alituambia baadaye, ni kama karanga. Akala nne, labda tano. Binamu yake wa miaka sita alimkataza. Junior akamjibu eti baba kasema.

Haikupita saa moja koo likamwaka moto. Kisha matapishi, kisha tumbo la kuhara, mtoto akalegea kama kitambaa. Mama Junior akanikata jicho ambalo mpaka leo halijapona.

Majirani wakajaa, kila mmoja na dawa yake. Huyu anasema maziwa, yule anataka kumtia kidole kooni atapike zaidi. Mama akawafukuza wote. Akamuuliza yule binamu, "Kala nini?" Akaenda kukata tawi la mbono lenye majani na matunda, akalifunga kwenye kanga, tukapakizana kwenye pikipiki mbili hadi zahanati.

Muuguzi alipoliona lile tawi hakuhitaji hotuba yetu. Akaanza kumpa maji ya chumvichumvi ya pakiti, kijiko kwa kijiko, akatuweka pale mpaka jioni. Alitueleza kwamba kwa mbono, balaa kubwa ni mtoto kuishiwa maji mwilini, na kumlazimisha kutapika kunaweza kumpaliza. Akasema pia kwamba watu wengi huja mikono mitupu, wanasema "kala tunda jekundu", na matunda mekundu duniani ni mengi.

Junior alipona. Usiku mama akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "hivi wewe ni ndege?" Sikuwa na jibu. Ndege wengi humeza mbegu nzima na kuitoa nzima. Mtoto anatafuna.

Kesho yake akatupitisha porini, mimi na Junior tumeshikana mikono, wanafunzi wa darasa moja. Tonga, akasema, lisubiri ligeuke njano. Bichi linaumiza tumbo. Hata likiiva, munyunya nyama, mbegu tema, usizitafune. Na hapo mama kapatia hata kwa wasomi, maana mtonga ni wa ukoo mmoja na mti wa India unaotoa strikinini, ile sumu iliyokuwa ikitegewa mbwa. Ndulele inang'aa njano kama nyanya ndogo, lakini hailiwi. Turituri, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ni nzuri kwa shanga na ni sumu kali zikitafunwa. Usiziache mikononi mwa mtoto.

Kanuni ya mama ni fupi. Usile tunda usilolijua jina, na mti wake, na namna linavyoiva, na mtu aliyewahi kulila mbele yako. Ukikosa kimoja, pita.

Sasa ndugu msomaji, kinachonikera si mbono. Mbono haukumfuata mtoto wangu. Kinachonikera ni kwamba kitoto cha miaka sita cha kijijini kilijua, na mimi mwenye cheti ukutani nilikuwa nimesahau. Sisi wa mjini tukiona masuku au mafuu tunasema chakula cha nyani, tunawanunulia watoto juisi ya boksi. Halafu likizo tunawaachia porini na maneno matupu.

Kwa hiyo ukienda kwenu, siku ya kwanza kabidhi watoto kwa bibi yao. Waambie wasionje kitu bila kumwonyesha. Wakishakula wasichokijua, usikae kujadili dawa na majirani. Kata tawi, kimbilia zahanati.

Junior sasa anawafundisha wenzake wa Sinza habari za masuku. Kila akimaliza anaongeza, "Lakini msimuulize baba." Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.