MBWA SAFARINI, NA HAKI YA MWENYE KIU



Kila ufikapo mwezi wa Juni na shule kufungwa, jamaa wengi wakaao mijini hufunga mizigo wakaenda bara kuwaona wazee. Miongoni mwao wamo wenye asili ya Kinampanda, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Safari hiyo ni njema. Huunga udugu, huwapa watoto kuwajua babu na bibi zao, na huwaonyesha jua, upepo na uwanja mpana wasiouona katika vyumba vya mjini. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya msafiri mmoja ambaye aghalabu hakumbukwi mipango ya safari ifanywapo, naye ni mbwa.

Ziko nyumba zenye mbwa wa ulinzi ambazo wenyewe wakifunga mlango hawana wa kumwachia, basi humchukua. Na ziko nyumba zisizo na mbwa kabisa, ambazo watoto wao humkuta kwa mara ya kwanza uani kwa babu, kalala mlangoni pa zizi. Wote hao huuliza jambo moja: Muislamu na mbwa, mpaka wao ni upi? Nasi twaona kwamba katika nchi kavu kama ile swali hilo halijibiwi vema bila ya kutaja maji.

Kinampanda si jangwa. Iko katika uwanda wa juu wa Iramba, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, nako kuna Chuo cha Ualimu kijulikanacho nchini. Lakini Mkoa wa Singida wote umo katika sehemu kavu ya katikati ya Tanzania. Msimu wa mvua ni mmoja tu, nao huanza kiasi cha Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Baada ya hapo mbingu hufunga. Mwezi wa Juni asubuhi na usiku huwa na baridi na upepo mkali, na mchana jua huwaka pasipo wingu. Alizeti na mtama huwa vimekwisha kuvunwa au vinavunwa, majani hukauka, vumbi huinuka, na kadiri miezi isongavyo kuelekea Oktoba ndivyo maji yapunguavyo. Mtoto wa mjini aliyezoea kufungua bomba atamwona binamu yake akirudi kisimani na dumu kichwani, na hapo atajua kwamba kila kikombe kimechotwa kwa jasho la mtu.

Katika nchi kama hiyo mbwa ana kazi. Hulinda mbuzi na ng'ombe, hubweka fisi akikaribia usiku, na hufuatana na mchungaji mchana kutwa. Sheria yetu haikuikataa kazi hiyo. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye kufuga mbwa bila ya haja hupungukiwa kila siku na sehemu ya thawabu za amali yake, ila akiwa ni mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda. Na Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, imehalalisha mawindo ya mnyama aliyefunzwa. Tena katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 18, wametajwa vijana wa pangoni, na pamoja nao ametajwa mbwa wao aliyenyosha miguu yake kizingitini. Wanachuoni wengi wamemkisia mbwa wa kulinda nyumba na hao wa mifugo na shamba, kwa kuwa haja ni moja. Basi babu aliye na mbwa zizini hana la kulaumiwa, na mjukuu asiende kumfundisha dini kwa kumtupia mbwa wake mawe.

Twasema hivyo kwa sababu tumeona makosa mawili. La kwanza ni la wale wanaodhani kwamba kumpiga mbwa, kumnyima maji na kumfukuza kivulini ni katika utakatifu. La pili ni la wale wanaomlaza kitandani na kumlambisha sahani za watu, wakasema kwamba mambo ya najisi yamepitwa na wakati. Wote wawili wameacha njia. Wa kwanza amechukua hukumu ya tohara akaifanya ruhusa ya ukatili, na wa pili amechukua huruma akaifanya ruhusa ya kuacha tohara.

Tuieleze kwanza tohara, kwani ndiyo iwatiayo watu wasiwasi safarini. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi mwili mzima. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Imam Malik aliona kwamba mbwa ni tahiri, na kuosha chombo ni ibada tu. Na katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa najisi ni mate yake, si mwili wake. Hatutaji hitilafu hizo ili kila mtu achague limpendezalo, bali ili mgeni asimcheke ndugu yake afuataye kauli nyingine. Ama kwa mfuasi wa Shafi mambo ni mepesi kuliko adhaniwavyo. Najisi haihami baina ya vikavu viwili. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu kavu, kanzu haikuharibika na sala haikuvunjika. Palipo na majimaji, ama ya mate ama ya manyoya yaliyolowa, ndipo paoshwapo mara saba kwa udongo. Na katika Juni ya Iramba, nchi ikiwa kavu namna ile, mzazi mwenye kujua hayo hatamtia mtoto wake hofu kila mbwa apitapo.

Dawa iliyo bora ni utaratibu. Mbwa awe na chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula, visivyochanganywa na vya jikoni. Awe na mahali pake pa kulala nje, penye kivuli mchana na kinga ya upepo usiku. Chombo cha maji ya kunywa watu kifunikwe. Mkeka wa kusalia ukisha kutumiwa ukunjwe, usiachwe barazani. Nyumba ikifanya hayo manne, ugomvi mwingi juu ya mbwa hautazaliwa.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira (r.a.) habari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamwona mbwa anahema, anakula udongo mbichi kwa kiu. Mtu yule akatambua kwamba kiu iliyompata mnyama ndiyo iliyokuwa imempata yeye. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa hilo akamsamehe. Masahaba walipouliza kama wanyama nao wana thawabu kwetu, Mtume (s.a.w.) akawajibu kwamba thawabu imo katika kila chenye uhai. Tazameni, maji yale hayakuwa ya bomba. Yalikuwa ya kisima, yaliyoshukiwa mara ya pili, kwa ajili ya mbwa asiyekuwa wake.

Huenda msomaji akasema: Hiyo ni fadhila, si sheria. Basi na asikilize sheria. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa miaka mingi katika madarasa ya pwani yetu, ametaja katika mlango wa tayamamu sababu zimruhusuzo mtu kuacha udhu. Mojawapo ni maji hayo kuhitajiwa kwa kiu ya kiumbe mwenye heshima, ijapokuwa kiu hiyo itakuja baadaye. Na kiumbe mwenye heshima katika lugha ya mafakihi si mwanadamu peke yake. Ni kila mnyama asiyeruhusiwa kuuawa, na mbwa wa ulinzi asiyedhuru watu yumo. Maana yake ni kwamba msafiri aliye mbali na kisima, mwenye maji kidogo na mbwa mwenye kiu, hampokonyi mbwa maji apate kutawadha. Humwachia anywe, naye akatayamamu kwa vumbi la ardhi, akasali.

Fikirini, enyi vijana. Madhehebu yale yale yaliyo makali kuliko mengine juu ya najisi ya mbwa ndiyo yaliyoitanguliza kiu yake mbele ya maji ya udhu. Basi yuko wapi mwenye kusema kwamba dini imemtupa mnyama huyu? Aliyemnyima maji kwa hoja ya tohara hakuijua tohara yenyewe.

Turudi njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni kiasi cha kilomita 700, na safari hiyo ni ndefu kwa mtoto, seuze kwa mnyama. Kabla ya yote mwone afisa mifugo wa mahali pako, umwulize habari ya chanjo na kibali cha kumsafirisha. Kama ni basi, ulizia mapema kama litamchukua. Usije ukamtia katika sanduku la mizigo lisilo na hewa. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema na kutoa ulimi, na hewa ikiwa ya moto na imefungwa kuhema hakumfai kitu. Kwa hiyo asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kununua chai, kwani gari hupata joto upesi, naye aweza kufa. Mmpe maji kidogo kidogo kila msimamapo. Mkifika, asitembezwe adhuhuri juu ya mchanga wa moto. Weka kiganja chako juu ya ardhi, na kama huwezi kuvumilia, naye nyayo zake haziwezi. Hayo si mambo ya kizungu wala ya anasa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, nasi Waislamu tulikwisha kuusiwa karne nyingi kabla yake.

Huruma nayo isitufumbe macho. Liko gonjwa la kichaa cha mbwa, ambalo dalili zake zikisha kuonekana ni nadra mno mtu kupona. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wapatwao mara kwa mara. Karibu maambukizo yote ya binadamu hutokana na mbwa. Lakini chanjo yake ipo tangu siku za Louis Pasteur, aliyemchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885 akaokoka. Mbwa wa mjini achanjwe kabla ya safari, na wa babu achanjwe pia. Zawadi hiyo ni bora kuliko kilo za sukari. Mtoto akiumwa, au akilambwa palipo na jeraha, kidonda kioshwe pale pale kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile, wala isingojewe kuona kama mbwa ataugua. Kombe na dua ni baraka, lakini mwenye kuviweka mahali pa sindano amemhatarisha mwanawe.

Wafundisheni watoto adabu za kukaa na mbwa kama mnavyowafundisha adabu za kukaa na wazee. Wasimguse akila, wala akilala, wala akiwa na watoto wake. Wasimkimbie, bali wasimame kimya wakunje mikono. Wasimtupie mawe. Na wakumbuke kwamba Iramba ni nchi ambamo Waislamu na Wakristo huishi mlango kwa mlango, na pengine katika ukoo mmoja. Mwenye kumpiga mbwa wa jirani amempiga jirani.

Lililobaki ni moja, nalo hutuuma. Likizo hwisha, mizigo hufungwa, na wako wanaoona mbwa amekuwa mzigo wa kuzidi. Humwacha njiani, au humwacha kijijini bila ya kumkabidhi kwa mtu, wakasema kwamba atajitafutia. Katika kiangazi kile atajitafutia wapi? Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajilishe, kila mmoja wetu aijua. Aliyekwisha kumzoeza mnyama chakula cha mkono wake amechukua amana, na amana haiishii pale furaha ya likizo iishiapo. Kama hamwezi kurudi naye, mkabidhini kwa mtu mwenye kumhitaji na aliyeridhia, mkamwachie na gharama ya chakula chake na chanjo yake.

Basi mwezi huu, mnapohesabu nguo na zawadi za wazee, hesabuni na dumu moja la maji zaidi na bakuli moja kuukuu. Ni mzigo mwepesi, na huenda ndio utakaokuwa mzito katika mizani Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zenu ziwe za salama, na awape wazee wa Kinampanda na wa kila mahali mvua ya heri kwa wakati wake. Wabillahi taufiki.