Bati la Vidunda nalo limelipiwa kodi

Katika milima ya Vidunda wilayani Kilosa, juu ya Kidodi na Kidatu, nyumba haijengwi kwa mkopo wa benki. Msingi mwaka huu, ukuta mwaka ujao, bati siku mavuno yakikubali. Saruji hununuliwa mifuko michache michache, kisha kuna nauli ya kuipandisha mlimani.

Nyumba hiyo haihesabiwi pale taifa linapojadili makazi ya bei nafuu. Mjadala huishia kwenye maghorofa. Magomeni Kota, Dar es Salaam, Serikali ilitumia takriban Sh bilioni 52 kwa nyumba 644 zilizozinduliwa Machi 2022. Wastani wa milioni 81 kwa kila nyumba. Kaya zilizopewa nyumba hizo zilistahili, kwani zilikuwa zimesubiri miaka kumi. Lakini karibu theluthi mbili ya Watanzania wanaishi vijijini, na hawa nao ni wachangiaji: saruji na bati hutozwa VAT ya asilimia 18.

Nchini Kenya wafanyakazi walipokatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, mwaka 2023, makato hayo yalipingwa hadi mahakamani. Mjenzi wa Vidunda hukatwa kimyakimya dukani. Naye ana haki ya kuuliza nani ananufaika.

Jibu la haraka lingekuwa ruzuku ya bati, lakini wapo wanaohofia kwamba itaishia kwa jamaa za viongozi. Hofu hiyo ina msingi, na si hatari pekee. Rwanda, katika kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi mwaka 2010 na 2011, iligawa mabati kweli, ila baadhi ya familia, hasa za Wabatwa, zilibomolewa paa kabla ya kupata jingine.

Njia iliyo salama zaidi ipo, tena haihitaji chombo kipya. Tayari zipo mashine za matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa, hivyo kuni za mlimani zinabaki msituni. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha Vidunda kikikopeshwa mashine, na fundi akapelekwa kukifundisha, tofali litafyatuliwa kijijini na nauli ya kupandisha mzigo itapungua. Bajeti ya makazi ianze kutenga fungu la kazi hiyo, na orodha ya wanufaika isomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji.