Acheni Spider-Man Apumzike

Jamani, kila mwandishi wa programu hapa Migori akitaka kunoa ubunifu ulioliwa na hifadhidata, hutengeneza video ya ushabiki ya Spider-Man. Kwani hatuna wetu? Mimi nimemchukua Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa, Homa Bay, ambaye jina lake linabebwa na klabu iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987. Husimuliwa kwamba alijigeuza apendavyo: mara mzee, mara mnyama. Zoezi gani la uhuishaji linashinda hilo? Sekunde 10 tu ni picha 240, na hakuna pa kunakili. Mandhari ni Thimlich Ohinga, kuta za mawe zisizo na saruji. Blender yenyewe ni ya bure. "Haitapata watazamaji," mnasema. Ya kwenu ya Spider-Man ilipata wangapi?